Tone la waridi lililonidanganya

Nilichota maji ya bwawa letu la kuogelea kwenye kichupa cha kupimia, nikadondosha dawa, nikatikisa. Rangi ya waridi ikatokea kwa kufumba na kufumbua, kama mtoto aliyechungulia mlangoni akajificha, kisha maji yakarudi kuwa kama yalivyotoka bwawani. Kwenye kadi ya kulinganishia, maji yasiyo na rangi yana maana moja tu: klorini hakuna. Sifuri. Na usiku uliotangulia nilikuwa nimemwaga kilo mbili nzima za klorini ya chengachenga. Nikajiambia mwani, ule ukijani unaoota majini, umeila yote. Nikaenda stoo, nikapima kilo mbili nyingine, nikazimwaga nazo.

Asubuhi nikapima tena. Sifuri.

Maji kwa wakati huo yalikuwa yameacha ukijani, lakini hayakuwa yameng'aa. Yalikuwa na weupe wa chokaa, mazito kwa macho, kiasi kwamba kidato cha tatu cha ngazi hakikuonekana kabisa. Pembeni, binti yangu alikuwa amesahau vazi lake la kuogelea likining'inia ukingoni, nusu ndani ya maji. Nilipoliinua nikakuta limekuwa vazi la rangi mbili: juu bluu iliyokolea, chini rangi ya kitambaa kilichofuliwa na kuanikwa miaka kumi. Vazi lile lilikuwa linasema kweli. Mimi nikaamini kichupa.

Nilikuwa kwenye hatua ya kwenda kuchota kilo ya tano nilipoamua kwanza kumpigia fundi. Alikuja mchana, mzee mtaratibu, mkoba wake wa vipimo umefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Hebu nione hicho kipimo chako kinasemaje."

Hakuyatazama maji hata kidogo. Alitazama vazi la binti yangu, akatazama mikono yangu iliyopauka, kisha akachota kipimo kimoja cha maji ya bwawa na kukichanganya na vipimo tisa vya maji ya kunywa ya chupa. Akadondosha dawa ileile niliyokuwa natumia. Maji yakawa ya waridi yaliyoiva, na safari hii rangi haikuondoka. Akakiweka kichupa kwenye kadi: 5.

"Zidisha kwa kumi," akasema. "Una hamsini, mama. Si sifuri. Klorini ikizidi mno huiunguza hata rangi ya kipimo. Ulichoona kikitokea na kupotea ndiyo dalili yenyewe."

Kwa wasiofuga bwawa nieleze: maji ya kuogelea kwa kawaida hukaa na klorini ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Mimi nilikuwa na hamsini na bado natafuta kopo la kuongezea. Tangu siku ile, nikiona rangi inachungulia na kukimbia, sigusi ndoo ya dawa. Nachanganya maji, napima upya.

Halafu akauliza swali ambalo sikuona linahusiana vipi na ukijani: "Kabla ya hizi chengachenga ulikuwa unatumia nini?"

Vidonge, nikamwambia. Vile vikubwa vya gramu 200, vinavyowekwa ndani ya boya la plastiki linaloelea, vikayeyuka polepole wiki nzima. Miezi minane nimevitumia, viwili au vitatu kwa wiki, na nilivipenda kwa sababu havikunidai chochote. Maji yalikuwa yanameta. Wageni walisifu. Niliona wanaohangaika na mabwawa yao hawajui tu mambo. Kisha, bila onyo, kuta zikaanza kuteleza. Nikisugua leo, kesho utelezi umerudi. Kipimo kinasema klorini ni 3, safi kabisa, na maji yanazidi kuwa ya kijani mbele ya macho yangu. Ndipo nikapandwa na hasira na kumwaga chengachenga.

Fundi akatoa mrija mwembamba wenye alama nyeusi chini, doa la ukubwa wa punje ya mtama. Akanipa mimi nifanye. Changanya maji ya bwawa na dawa nusu kwa nusu, tikisa, subiri kidogo. Mchanganyiko ukawa na ukungu. "Geuka, jua likupige mgongoni. Mrija uwe kwenye kivuli chako, usawa wa kiuno. Sasa mimina taratibu huku unatazama lile doa kutoka juu. Likipotea, acha."

Nilimimina kidogo tu, doa likapotea. Sikuwa nimefika hata alama ya kwanza, ile ya 100. Tukayapunguza maji ya bwawa kwa maji safi kiasi sawa, tukarudia: doa likapotea kwenye 80. Mara mbili, 160.

Hiyo 160 ni asidi ya sianuriki. Vidonge vile ni vya trikloro, na kila kimoja kinapoyeyuka huacha vitu viwili majini: klorini, na hiyo sianuriki. Klorini hufanya kazi ikaisha. Sianuriki haiishi, haivukizwi na jua, haizuiwi na chujio. Inabaki na kujilimbikiza. Nilipiga hesabu baadaye kwa uchungu: katika bwawa la ukubwa wa letu, kila kidonge kiliacha zaidi ya miligramu 2 kwa lita. Viwili au vitatu kwa wiki, miezi minane, toa kidogo kilichomwagika wakati wa kuosha chujio, na hapo ndipo nilipofika.

Si kwamba sianuriki ni mbaya. Bila hiyo, jua kali hula nusu ya klorini ndani ya saa moja hivi, na bwawa la nje lisilo nayo huwa limebaki bila klorini kabla ya adhuhuri. Kiasi cha 30 hadi 50 kinatosha kabisa. Kazi yake ni kuishika klorini isichomwe na jua, lakini ikishakuwa nyingi inaishika hata isiweze kufanya kazi. Mlinzi mmoja mlangoni ni usalama. Weka walinzi thelathini na mwenye nyumba mwenyewe hatatoka. Watu wa mabwawa wana kanuni yao kwamba klorini isishuke chini ya asilimia 7.5 hivi ya sianuriki iliyomo. Kwa 160 nilihitaji klorini ya 12 kila siku ili tu mwani usiote. Mimi nilikuwa na 3, na kadi ya rangi ilikuwa inanipongeza.

Hakuna unga wa kuiondoa ninaouamini. Dawa yake ni kumwaga maji na kuweka mengine.

Kama si fundi ningefanya kosa la pili hapohapo, maana wazo langu lilikuwa kulimwaga bwawa lote, tusugue, tuanze upya. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Akapiga ardhi kwa kisigino, maji yakatoka kwenye nyasi. "Ukilimwaga lote sasa hivi, mama, unajua bwawa tupu ni nini? Ni mtumbwi." Maji ya ardhini husukuma kutoka chini, na kinacholizuia bwawa lisiinuke ni uzito wa maji yaliyomo. Kuna mabwawa yaliyoinuka na kupasuka sakafu, mabomba yakakatika, kwa sababu mwenyewe alitaka kusafisha vizuri. Kwa hiyo tukapanga nusu, kisha nusu tena: 160 iwe 80, na 80 iwe 40. Ni maji yaleyale ya bwawa zima ukijumlisha, lakini bwawa halikai tupu hata siku moja.

Hata hivyo siku ile hatukumwaga kitu. Maji yenye klorini ya hamsini hayamwagwi kwenye bustani wala kwenye mfereji unaokwenda kwa watu. Ilibidi kusubiri, na kusubiri ndiko kulikonishinda kuliko kazi zote.

Ule weupe ulikuwa mwani uliokufa. Klorini ilikuwa imeshamaliza kazi yake tangu kilo zile mbili za kwanza. Iliyobaki ilikuwa kazi ya chujio, kuokota maiti moja moja. Mimi kwa papara nikawa naosha chujio kila asubuhi, nikiamini chujio safi huchuja zaidi. Kumbe kinyume chake. Chujio la mchanga likiwa limetoka kuoshwa hupitisha vumbi laini, na ni uchafu wa kwanza unaonaswa ndio unaoziba mianya na kunasa uchafu mdogo zaidi. Kinachosema lini uoshe ni geji ya presha ya chujio, si kalenda wala wasiwasi. Ya kwetu, mchanga ukiwa safi, husoma 12. Ikifika 20 au 22 naosha. Kila nilipoliosha geji ikiwa 13 nilikuwa najirudisha nyuma siku nzima, na kumwaga maji bure.

Kwenye hilo chujio nina aibu nyingine ya zamani zaidi. Juu yake kuna mkono wa vali wa njia sita: kuchuja, kuosha, kusuuza, kumwaga, kuzungusha na kufunga. Sheria yake ni moja: zima pampu kabla ya kuugusa. Siku moja, simu sikioni, nikaugeuza pampu ikinguruma. Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachoraruka, mfupi, kisha kila kitu kikaendelea kama kawaida. Baada ya hapo bwawa likawa linapungua. Nikasema ni jua. Shemeji akasema ni ufa. Tulikuwa karibu kuita watu wa kuvunja vigae.

Kilichotuokoa ni ndoo. Unajaza ndoo maji ya bwawa, unaiweka kwenye ngazi ya juu ili ikae ndani ya maji, unachora mstari wa usawa wa maji ndani ya ndoo na mwingine nje yake. Baada ya saa 24 unatazama. Jua hula sawasawa pande zote mbili. Kama nje kumeshuka zaidi ya ndani, maji yana mahali yanapotokea. Ndani palishuka upana wa kidole, nje vidole vitatu. Tukarudia pampu ikiwa imezimwa na koki zimefungwa: sawasawa pande zote. Basi si ufa wa bwawa. Gasketi ya ndani ya vali ilikuwa imeraruka ule mchana wa simu, na maji yalikuwa yanapita kimyakimya kwenda kwenye bomba la kumwagia kila pampu ilipowashwa. Kipande cha mpira kinachoenea kiganjani.

Nirudi kwenye weupe. Ilichukua siku kumi na ushee klorini ishuke hadi 5, na kwa siku hizo pampu ilikaa ikizunguka karibu usiku na mchana. Nilikuwa na dhana kwamba maji yote yakipita mara moja kwenye chujio, yameshachujwa. Pampu yetu husukuma mita za ujazo 8 kwa saa, bwawa ni 48, basi saa sita zimetosha. Lakini maji yaliyochujwa hurudi kwenye bwawa lilelile na kuchanganyika na ambayo bado. Kwa hesabu, mzunguko mmoja hugusa asilimia 63 hivi tu. Wa pili hufikisha 86. Ndiyo maana maji yenye matatizo hayajui saa sita.

Yalipofika mahali ninaona kidato cha tano, tukamalizia kwa shabu, ileile ambayo wazee walitumia kutuliza maji ya tope kwenye mtungi. Tuliyeyusha, tukaimwaga sehemu zote, tukazungusha kidogo vali ikiwa kwenye njia ya kuzungusha bila kuchuja, kisha tukazima pampu usiku mzima. Asubuhi sikuamini. Juu maji ya kioo, na chini sakafuni blanketi la kijivu, laini, likipepea kidogo upepo ukivuma. Hapo ndipo watu huharibu, maana ukifyonza uchafu ule kwa kasi, au ukiupitisha kwenye mchanga, unaurudisha wote bwawani. Vali iwekwe kwenye kumwaga, na brashi ya kufyonzea iende mwendo wa mtu anayemkaribia kuku. Tulipoteza maji mengi, ila ndiyo yaleyale tuliyotaka kuyaondoa kwa ajili ya sianuriki. Tukashusha hadi nusu, tukajaza, tukapima, tukarudia. Doa jeusi likapotea kwenye 40.

Fundi alipokuwa anafunga mkoba akaniomba sarafu. Akaitupa upande wenye kina. Ikazama ikiyumba, ikatulia kwenye mita mbili. "Ukiwa umesimama hapa ukaweza kuniambia imeangukia upande gani, maji yako yana afya ya macho," akasema. Nikamwambia upande wenye namba. Akacheka, akaniachia kazi ya kuitoa.

Neno lake "afya ya macho" nimelikumbuka mara nyingi, kwa sababu maji yanayong'aa yanaweza kuwa hayana usalama wowote. Niliwahi kuruhusu mtoto wa dada yangu aogelee siku mbili baada ya kutoka kuharisha. Maji yalikuwa ya kioo, nikaona nani atajua. Leo nisingethubutu. Kwa takwimu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, klorini ya miligramu 1 kwa lita huua bakteria wabaya wa E. coli kwa chini ya dakika moja, virusi vya homa ya ini A kwa dakika 16 hivi, na Giardia kwa dakika 45. Lakini kimelea kiitwacho Cryptosporidium hustahimili siku kama kumi, katika maji yaleyale ambamo sarafu inasomeka. Mtu aliyeambukizwa kimelea hicho hukaa nje ya maji hadi wiki mbili zipite tangu kuharisha kuishe. Mimi siwezi kujua aliyeharisha aliharishwa na nini, kwa hiyo wote huambiwa wiki mbili, na wanaonuna wanune.

Kwa upande mwingine, maji yasiyoonyesha sakafu hayaogelewi kabisa, hata kama kipimo ni kizuri. Mtoto aliyezama kwenye maji ya chokaa haonekani alipo. Hilo sina mjadala nalo.

Kuhusu ukubwa wa bwawa, nilikuwa nimekosea tangu siku ya kwanza. Urefu mita 8, upana mita 4, kina mita 2: nikazidisha nikapata lita 64,000. Nilisahau kwamba upande wa watoto una mita 1 tu na sakafu inateremka, kwa hiyo kina cha kuhesabia ni mita 1.5. Lita 48,000. Kila dawa niliyowahi kutia ilikuwa imezidi kwa theluthi. Sasa nimeandika kwa rangi ya mafuta ukutani mwa stoo: gramu 48 za klorini halisi hupandisha kipimo kwa 1. Chengachenga zangu zina nguvu ya asilimia 65, basi gramu 74. Mizani ya stoo imenisaidia kuliko dawa yoyote ya bei mbaya, zikiwemo zile chupa za kuzuia mwani ambazo siku hizi sinunui. Nyingi zina shaba. Nywele za mtu zikigeuka kijani baada ya kuogelea, watu hulaumu klorini. Shaba ndiyo inayopaka.

Tulipoacha vidonge, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, nayo ikageuza tabia. Trikloro ni kali kwa asidi. Ilikuwa imeishusha hadi 6.8, skrubu za ngazi zikaanza kutoa kutu na saruji ya katikati ya vigae ikawa inakwaruza vidole. Chengachenga huivuta juu. Wiki ya tatu nikakuta 8.0. Kipimo hiki, alichokianzisha mkemia wa Denmark Søren Sørensen mwaka 1909, kina hila yake: hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo 8 si "zaidi kidogo" ya 7. Kwa maji yasiyo na sianuriki, pH ikiwa 7.5 karibu nusu ya klorini iko katika hali yake ya kuua. Ikiwa 8, inabaki robo au pungufu. Naiweka kati ya 7.2 na 7.6. Asidi naimimina kidogo kidogo mbele ya tundu la maji yanayorudi, pampu ikizunguka, upepo ukiwa nyuma yangu. Kabla ya hapo lakini napima ualikali, uwe kati ya 80 na 120, kwa sababu ukiwa chini pH hurukaruka kama mbuzi na hakuna asidi itakayoituliza. Ukipungua natia baikaboneti ya soda, unga mweupe ule wa kawaida. Ugumu wa maji, yaani kalsiamu, naupima mara chache. Maji yetu hayasumbui upande huo.

Nimebakisha la stoo, ambalo sipendi kulisimulia.

Siku fundi alipokuja, alipomaliza kupima alitaka kuona nilikohifadhi dawa. Rafu moja: juu ndoo ya vidonge, chini ndoo ya chengachenga, katikati kopo moja la kuchotea, bado lina unyevu. Alilichukua, akalitazama ndani. Kulikuwa na vumbi la kidonge kilichovunjika na chengachenga chache zimegandamana pembeni. Akatoka nalo nje bila kusema neno, akalizamisha kwenye ndoo kubwa ya maji, akarudi.

"Mama, hizi ni klorini zote mbili. Lakini hazisalimiani."

Trikloro ya vidonge na kalsiamu haipokloraiti ya chengachenga zikikutana zikiwa kavu au zina unyevu kidogo zinaweza kuwaka na hata kulipuka. Nilikuwa nimepanga, na hili nilimwambia nikitetemeka, kuzitia chengachenga zilizobaki ndani ya lile boya la vidonge ili zisiharibike. Ningefunga kifuniko na kuliachia lielee, watoto wakiwa ukingoni. Sasa kila dawa ina kopo lake, limefungwa kwa uzi kwenye ndoo yake. Asidi iko chumba kingine kabisa, kwa sababu ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Na siku zote dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa. Chengachenga naziyeyusha kwanza kwenye ndoo iliyojaa maji, jioni, jua likishazama.

Kazi yenyewe ya kila siku imekuwa ndogo kuliko simulizi yake. Naondoa majani kwa wavu kabla hayajazama na kuoza, namwaga kikapu cha mdomo wa ukutani unaovuta maji, napima klorini na pH. Mara mbili kwa wiki nasugua, nikianzia nyuma ya ngazi na kwenye kona ya mashariki ambako maji huwa yamelala. Mwani haujawahi kuanzia kwingine. Ile mashine inayotambaa sakafuni ninayo, inafanya kazi nzuri, ila haijui kona. Mvua kubwa ikinyesha napima kila kitu upya usiku uleule. Waogeleaji wote hupita kwenye bomba la mvua kwanza, dakika moja, wageni na wenyeji. Ile harufu kali inayowasha macho, ambayo watu husema "klorini imezidi", mara nyingi ni klorini iliyochoka kwa kukutana na jasho na mkojo, na bwawa linalonuka hivyo huhitaji klorini zaidi. Nilipowaeleza watoto sehemu ya mkojo, wakatazamana kwa muda mrefu.

Sarafu imebaki kuwa mchezo wetu. Kila Jumamosi binti yangu huitupa upande wenye kina, mimi nikisimama ukingoni lazima niseme imeangukia upande gani kabla hajaifuata. Wiki iliyopita nilitazama, nikatazama tena, nikaona kitu cha duara kinachometameta na basi. Moyo ukaniruka. Nikapima klorini: 4. Nikapima pH: 7.4. Geji 15. Sianuriki 40. Nikapiga magoti ukingoni nikitafuta ukungu uko wapi.

"Namba, mama," akasema binti yangu kutoka juu ya ngazi. "Hata mwaka unaonekana."

Nikamwambia ausome. Akausoma. Akazama akaileta, na mwaka ulikuwa ndio huohuo.

Jumatatu nakwenda kupimwa macho.